LC ni muhuri?

Jumamosi nilikuwa barazani nakata sukuma, watoto wamenizunguka, binti yangu wa P3, yaani darasa la tatu, na watoto wawili wa dada yangu, ndio huyo wa P3 akaniuliza, "mama, serikali ni nani?" Nikaanza vile tulivyofundishwa, eti kuna Bunge linatunga sheria, kuna rais na mawaziri wanazitekeleza, kuna mahakama... nikaona macho yote yameenda kwa kuku. Kumbe nimeanzia juu sana. Kwao Kampala ni mahali mabasi yanaenda usiku, basi.

Nikageuza, nikawauliza wao kuhusu LC, yaani Local Council, baraza la serikali ya mtaa: haya, LC anafanya kazi gani? Yule kitinda mimba wa dada akajibu haraka haraka, "kugonga muhuri!"

Nilicheka lakini ana haki jamani. Hapa Busia ya Uganda, mpakani na Kenya, unataka kitambulisho, barua ya LC, unauza kiwanja, muhuri wa LC, na huyo mtoto juzi aliniona nikitoa elfu tano ndio muhuri ugongwe, akauliza kama hiyo pesa anapelekewa rais. Hilo nilijifanya sijalisikia.

Lakini nikawaambia LC si mtu mmoja, ni kamati ya watu kumi, yule mnayemuita LC ni cheamani tu. Halafu nikawapa ile ninayoipenda mimi, ambayo hata watu wazima wengi hawaijui: kwa sheria ya serikali za mitaa ya 1997, makamu wa cheamani wa kijiji ndiye pia katibu wa mambo ya watoto. Walinyamaza kabisa. "Yani sisi tuna mtu wetu?" Mnaye, ndiyo. Kutoka hapo ngazi zikawa rahisi, LC1 kijiji, LC2 parishi, LC3 sabukaunti, mpaka LC5 wilaya. Shuleni wanapanda hivyo hivyo, P3 sabukaunti, P4 wilaya, P5 Uganda nzima, mpango wenyewe mzuri, shida ni kukariri tu, mtoto anakutajia kazi sita za sabukaunti na ofisi yake hajawahi kuiona.

Sasa uchaguzi. Watoto wa majirani walikuwa wameshajaa uani, nikasema tuchague chakula cha Jumapili, wali au chapati, na tuchague kama vile watu wazima walivyochagua LC1 mwaka 2018, kupanga mstari nyuma ya mgombea (na ile ilikuwa ya kwanza tangu 2001, tulikaa miaka 17 na macheamani wale wale!). Mgombea wa chapati alikuwa binti yangu, wa wali ni mtoto wa dada. Wakajipanga, chapati 7, wali 4. Mgombea wa wali akageuka kuangalia nyuma yake, rafiki yake anayelala naye kitanda kimoja hayupo, yuko kwa chapati. Alilia huyo! Mwingine naye alikuwa amehama mstari katikati kwa sababu binti yangu alimkazia macho, niliona kwa macho yangu.

Nikaleta sufuria, nikaifunika kanga, kila mtu ahakikishe hakuna anayemuona, harage ni wali, kifuniko cha soda ni chapati. Kuhesabu: wali 6, chapati 5. Sikuhitaji kueleza kura ya siri ni ya nini, wenyewe walikuwa wanaangaliana. Nikawaambia tu rais na wabunge tunawachagua kwa njia ya sufuria kila miaka 5, cheamani wa kijiji kwa mstari. Mzee mmoja jirani, kwao ni upande wa pili, akadakia kwamba Kenya nao walipanga mlolongo 1988 na yeye alikuwepo, akatikisa kichwa, hakuongeza neno.

Hapo wakaanza maswali ya mpaka, maana hawa wanavuka kwenda kwa shangazi yao kama kwenda choo. Mbona kule hakuna LC? Nikasema kule kuna chifu, yeye anaajiriwa na serikali, hapigiwi kura, halafu juu kuna gavana wa kaunti ambaye anapigiwa. "Kwa hiyo chifu huwezi kumtoa kwa mstari?" Huwezi. Aliyeuliza akafikiri kidogo, akasema afadhali LC.

Jumapili baada ya wali wakaniburuta kwa makamu wa cheamani, kesi yao ni kwamba mtu amemwaga matofali kwenye uwanja wao wa mpira. Tukamkuta anaziba pancha ya baiskeli. Aliwasikiliza mpaka mwisho kwa kweli, halafu akasema sawa, waandike barua wamletee.

Kitinda mimba akamuuliza, "na muhuri tutalipa ngapi?"