IMEWAKA LEO!

Wajameni, leo jioni imewaka.

Miezi saba niko chini ya hii MR2 hapa Coventry, gereji ya kukodi, baridi mpaka spana inagandia mkononi.

Kwa wasioijua, ni kagari ka Toyota ka siti mbili, injini inakaa nyuma ya mgongo wako, mbele ya tairi za nyuma. Ilikuja na injini ya 3S-GE, lita 2.0, silinda 4. Nimeing'oa nimeweka 1MZ-FE, V6 (silinda 6) ya lita 3.0, ile ile iliyokuwa kwenye Harrier za mwanzo zilizojaa Dar. Giaboksi nimetafuta E153 ya MR2 ya turbo maana inafungana na hiyo V6, maunti (vile vishikio vya injini) ndio tumechomelea upya.

Kilichonitesa leo ni hewa kwenye maji. Rejeta iko mbele kabisa, injini nyuma, mabomba yanapita chini ya gari lote, hewa ikibaki humo mshale wa joto unapanda tu. Saa nzima nalegeza, natoa hewa, najaza, narudia.

Halafu ukatulia katikati.

Nikakaa kwenye siti nikafumba macho. Ule mlio jamani. Ni Harrier ya baba mdogo ikiingia getini usiku, mimi mtoto kitandani najua amerudi salama. Ila leo unatokea mgongoni kwangu. Nimelia kabisa.

Aliyewahi kufunga V6 kwenye kagari kama haka, springi za nyuma ulibadilisha au uliacha zile zile? Niandikieni hapo chini, Jumamosi nataka kuitoa barabarani.