Keria ya baba

Jumapili usiku, umeme ndo umerudi sasa hivi

Leo mchana nimesimama uani na grainda mkononi karibu nusu saa bila kuiwasha. Waya nimeshauvuta toka dirisha la jikoni, miwani nimevaa, alama nimechora kwa chaki pale fremu inapopinda kwenda nyuma ya siti, kila kitu tayari ila mkono ndo umekataa. Mama alikua barazani anachambua mchele, ananiangalia tu, hasemi. Mwisho nikachomoa waya nikaingia ndani kunywa maji.

Pikipiki yenyewe ni Honda CG125 nyekundu, ya baba. Baba alikua bwana shamba huko Mgeta, na mliokulia upande huu wa Uluguru mnajua kule bwana shamba bila pikipiki hafiki popote, ni milima tupu, asubuhi ukungu umelala mpaka kwenye matuta ya kabichi humuoni mtu aliye hatua kumi mbele yako. Ilikua ya serikali kwanza, ikaja ikapelekwa mnadani yeye akainunua, na hata alipostaafu akaendelea kupanda nayo kwa wakulima wake kama vile hakuna kilichobadilika. Nyuma ya siti kuna keria kubwa, ina chuma kimesimama wima kama egemeo la kiti, na bomba la kupulizia dawa anaifunga kwa nyuma ya hicho chuma na mpira wa tairi. Mi nakaa katikati, miaka sita saba hivi, mbele yangu koti la baba linanuka petroli na moshi wa kuni, mgongo umeegemea kile chuma. Tukifika kona mbaya anageuza kichwa kidogo anauliza umeshika? Namjibu nimeshika. Hata usingizi ukinichukua nilikua najibu.

Alipofariki ikasukumwa kwenye banda la kuku, ikakaa humo miaka kumi na moja.

Nimeitoa mwezi wa pili mwaka huu. Tairi zimekufa, tangi ukitikisa linalia kama kayamba kwa kutu, na kiki ukikanyaga haishuki kabisa, pistoni imeng'ang'ania kwenye silinda. Fundi wangu wa hapa Bigwa akasema dada usilazimishe, utavunja kitu. Tukafungua plagi tukamimina dizeli iliyochanganywa na hidroliki ile nyekundu ya gia za gari, tukaiacha. Kila jioni nikitoka kazini naongeza kidogo, naweka gia ya mwisho, nasukuma tairi la nyuma mbele nyuma, mbele nyuma. Siku ya tisa nikasikia tk, kidogo sana, kama mtu amevunja njugu na meno, na tairi likasogea upana wa kidole. Nilikaa chini pale pale kwenye mavi ya kuku nikalia.

Tulipofungua kichwa cha injini, silinda ilikua na makovu kwahiyo ikapelekwa kuchongwa, sasa ina pistoni ya saizi 50, yaani imezidi ile ya kiwandani kwa nusu milimita. Spea sikuhangaika. Honda walipoitoa hii injini mwaka 1976 waliitengeneza makusudi kwa nchi kama zetu, kwa mtu anayebeba mzigo mkubwa na anayechelewa kumwaga oili, ndo maana ndani haina cheni ya taimingi, ile inayoendesha valvu, kuna gia na vijiti viwili virefu vinavyosukuma valvu, kitu rahisi kinachovumilia, na Wachina walikuja kuiga muundo huo huo kwenye pikipiki zao kibao kwahiyo dukani ukitaja CG kila mtu anakuelewa. Nilivyokua nafuta vile vijiti na kitambaa nikawaza baba alivyokua anachelewa kumwaga oili kweli, kila siku kesho kesho, na mashine ikamvumilia.

Tangi nimelisafisha kwa siki. Nililijaza siki nyeupe ya jikoni na kokoto ndogo, siku tatu, natikisa asubuhi na usiku mpaka majirani wakazoea, alafu nikasuuza na maji ya magadi ili ile siki isiendelee kula chuma, nikalikausha juani na kulisuuza tena kwa petroli yenye oili kidogo haraka kabla kutu haijarudi, maana ukichelewa hata lisaa tu ndani kunakua rangi ya chungwa. Nilivyomulika na tochi ya simu nikaona chuma cheupe. Waya za umeme nilimuachia fundi, siyo sehemu ninayoipenda.

Sasa kwanini naigeuza kafe resa, yaani pikipiki ya kawaida iliyopunguzwa ikawa nyepesi kama ya mashindano, si ningeirudisha tu ilivyokua? Shangazi kaniuliza, wenzangu kazini wameniuliza, na fundi mwenyewe mwanzo alikua anaona naharibu mashine nzima.

Nilianza kwa kuona picha tu kwenye simu, usiku, kipindi nimetoka kumuuguza mama na usingizi hauji. Pikipiki fupi, nyembamba, usukani umeshuka chini, tangi na siti vimenyooka mstari mmoja, hamna kitu kinachoning'inia. Nikaanza kusoma zilikotokea. Kuna mgahawa unaitwa Ace Cafe, London, barabara ya North Circular, ulifunguliwa mwaka 1938 kwa ajili ya madereva wa malori, vitani ukapigwa bomu, ukajengwa upya mwaka 1949, na miaka ya hamsini na sitini vijana wakawa wanakutana pale na pikipiki zao. Hawakua na hela ya kununua mashine za mashindano kwahiyo walichukua zile za kwendea kazini wakatoa kila kilogramu wasiyoihitaji, wakashusha usukani ili walale juu ya tangi upepo upite, wanatafuta maili 100 kwa saa, ambayo ni kama kilomita 160. Wengine wakachukua injini ya Triumph wakaichomeka kwenye fremu ya Norton kwasababu ile injini ni nzuri na ile fremu ndo inashika kona vizuri, wakaiita Triton. Mgahawa ulifungwa 1969 ukaja kufunguliwa tena 2001. Mi CG yangu haitafika hiyo 160 hata kwenye mteremko wa Mikese, na siitafuti. Kilichonishika ni ule ujasiri wao, kwamba chombo ni chako, kata, ongeza, kiwe vile mwili wako unavyotaka.

Ndo nimekua nikifanya hivyo kidogo kidogo. Usukani sijanunua ule wa vipande viwili unaofungwa kwenye shokapu za mbele, nimeugeuza huu huu wa zamani juu chini, unashuka vizuri na haugongi tangi ukikata kona, na nikirudi kwenye barabara ya mawe bado nina kitu kipana cha kushika. Madigadi ya mbele nimeipunguza. Eksozi nimeweka fupi kidogo. Ila kuna vitu wenye kafe resa wengi wanavitoa mi nimekataa. Kava la cheni nimeliacha, Honda wameifunika cheni yote ili vumbi lisiingie, na vumbi letu tunalijua. Kichujio cha hewa kile cha wazi nilijaribu, nikaendesha mpaka mjini na kurudi, nikafungua plagi nikaikuta nyeupe pe, maana yake hewa imezidi petroli na injini inaungua kimya kimya. Ningeweza kubadilisha jeti ya karabureta, kile kitundu kinachopitisha petroli, iwe kubwa lakini nikafikiria vumbi linalopita pale, nikarudisha boksi lake la kiwandani. Sasa plagi ina rangi ya chai ya maziwa, na kila nikiifungua naitazama sana.

Imebaki nyuma tu. Kafe resa ina siti ya mtu mmoja, nyuma ina kibyongo kidogo, basi. Ukiitaka hivyo lazima ukate fremu kama sentimita ishirini, na kabla ya fremu lazima ukate keria. Hapo ndo nilipokwama leo.

Nilipotoka ndani na kikombe mama akaniuliza, mwanangu unaogopa nini?

Nikamwambia, mama hii keria ya baba. Nikiikata sitaipata tena.

Akaendelea kuchambua mchele wake kidogo, alafu akasema hiyo siyo ya Honda. Nikamwangalia. Akasema iliyokuja na pikipiki ilikua fupi, ya kufungia faili na mfuko wa mbegu, na baba yako aliikata yeye mwenyewe. Kwa msumeno wa mkono, jioni, nyuma ya nyumba ya serikali Nyandira. Ulikua tumboni mwezi wa sita, mi presha inapanda, daktari anataka nishuke Morogoro kila wiki mbili, na gari la abiria siku nyingine linakuja siku nyingine haliji. Nikikaa nyuma nateleza, mikono haina nguvu ya kumshika njia nzima. Akaokota nondo zilizobaki walipojenga ghala, akampelekea mtu wa kuchomelea, akarudi na hiyo. Akafunga mto wa kitanda kwenye hicho chuma. Tumeshuka nayo mpaka ukazaliwa.

Miaka yote hii sikujua. Nilifikiri kile chuma kiliwekwa kwa ajili ya bomba la dawa.

Nikachukua msasa nikapiga sehemu moja chini ya egemeo. Rangi nyekundu ikatoka, chini yake nyeusi, chini yake ile mistari ya nondo, iko wazi kabisa unaihisi kwa kidole. Nimeipapasa hiyo mistari tangu mtoto nikidhani ni kutu tu. Alipoishia kuchomelea chuma kimevimba kama goti la mzee, na pembeni kidogo kwenye fremu nimekuta alama ya msumeno alipoanza kukata akakosea akahamia mbele.

Sikushika tena grainda leo. Nilimpigia fundi, nikamwelezea, tukaongea karibu robo saa. Nikimaliza kukata fremu tunaweka pete mpya ya bomba nyuma, na kwenye kuunga bomba na bomba huwa wanapitisha kipande cha chuma kigumu ndani, nusu upande huu nusu upande ule, ndo unachomelea juu yake isije ikakatika. Nikamuuliza kama hicho kipande kinaweza kua nondo. Akasema ukiisaga ile mistari ikaingia imebana, inafaa. Kwahiyo nondo za baba zinaingia ndani ya fremu, kushoto moja na kulia moja. Kinachobaki nakihifadhi, sijajua bado kwa ajili ya nini.

Na siti haitakua ya mtu mmoja. Wenye kafe resa wanajua wenyewe, mi nimeshaamua, itanyooka, itakua nyembamba, kibyongo kitasogea nyuma kabisa na kitapanda juu kidogo kuliko ilivyo kawaida yake, kiwe kinagusa mgongo wa anayekaa pale.

Jioni jua likiwa limeshapoa nikaweka pikipiki stendi ya kati, nikamwomba mama apande. Akajifunga kanga vizuri, akashika bega langu, akapanda upande mmoja kama zamani, alafu akakaa kimya anaangalia milima. Nikapima na futi toka mwisho wa tangi mpaka kiunoni kwake. Sentimita 64. Nimeandika kwa chaki ukutani karibu na mlango wa banda, kesho saa kumi na moja jioni naipeleka kwa fundi.