Kutoka Tanga mpaka chini ya barafu ya Kibo

Sisi wa huku pwani tukisikia Kaskazini tunawaza Arusha na Serengeti, tunaona ni mambo ya watalii, wakati barabara yenyewe inaanzia hapahapa kwetu. Unatoka Tanga asubuhi, Muheza, Segera unakata kulia, Korogwe na mikonge yake, afu milima ya Usambara inakufuata upande wa kulia Mombo mpaka mbele huko, ikiisha Pare inapokea.

Mi na mjomba tulishukia Same kwa ajili ya Mkomazi, na jamani ile hifadhi haisemwi vya kutosha. Geti la Zange liko karibu kabisa na Same mjini, imekuwa hifadhi ya taifa tangu 2008, imepakana na Tsavo Magharibi ya Kenya kwa hiyo tembo wanavuka mpaka watakavyo. Tulikuta choroa, tukakuta swala twiga wale wanaosimama kwa miguu ya nyuma kufikia majani ya juu, nilimwangalia mmoja mpaka mjomba akasema "haya mwanangu, twende". Faru weusi wanatunzwa ndani ya uzio maana majangili walishawamaliza kabisa huko nyuma, waliopo walianza na wale walioletwa kutoka Afrika Kusini na Ulaya.

Sasa Kibo, kile kilele kirefu kuliko vyote cha Kilimanjaro. Pale Moshi toka nje alfajiri kabla mawingu hayajapanda, utaiona barafu. Imebaki vipande vipande, yaani inauma, kati ya 1912 na 2007 ilipotea kama asilimia 85, na mwaka 2022 UNESCO wakasema ya Kilimanjaro inaweza kuwa imeisha ifikapo 2050. Barafu ya chini kabisa wataalamu waliipima wakakuta ina miaka kama 11,700. Na siyo kwamba inayeyuka tu kama watu wanavyodhani, hewa ya juu imekauka, theluji mpya ni kidogo, jua likiipiga barafu nyingine inageuka mvuke moja kwa moja bila hata kupitia maji.

Si lazima upande mpaka kileleni, ukiingia geti la Marangu unaweza kutembea kwenda na kurudi kambi ya Mandara, mita 2,720, siku hiyohiyo. Ule msitu una mbega, miti imevaa kuvu na ndevu za kijani zinadondosha maji muda wote, na mi ndo nilipoelewa habari ya mto wetu, maana Pangani unaanzia huko Kilimanjaro na Meru ndo unakuja kumwaga baharini hapa kwetu. Maji yake mengi ni ya mvua na ukungu unaonaswa na msitu, barafu inachangia kidogo sana, kwa hiyo moto kama ule wa Oktoba 2020 ulipowaka mlimani mtu wa Pangani alitakiwa ashtuke kuliko mtu yeyote.

Nendeni Januari au Februari, mlima unaonekana vizuri, na sweta mbebe jamani, baridi ya Marangu siyo ya Lushoto.