Daftari la karani

Kaunta buku lilikuwa ndani ya droo ya karani, chini ya risiti. Kushoto majina ya wanachama, kulia maneno yao ya siri: Tukuyu@2021, limefutwa, Tukuyu@2022, limefutwa, Chai#123. Karani hakuona haya hata kidogo. "Kaka, wakisahau wanakuja kwangu. Nisipoandika mimi, nani atakumbuka?"

Mfumo wa chama unaotumia maneno hayo niliutengeneza mimi. Chama ni cha akiba na mikopo, cha wakulima wa chai na parachichi wilayani Rungwe; mimi kazi zangu nafanyia Mbeya mjini. Mwanachama aingie kwa simu, aone akiba yake, aombe mkopo. Nilijivunia ulinzi wake: herufi kubwa, herufi ndogo, tarakimu, alama, na kubadilisha kila baada ya siku 90. Ukikosea mara tatu unafungiwa siku nzima. Matokeo yake ndiyo daftari lile.

Masharti hayo sikuyatunga. Chimbuko lake kubwa ni mwongozo wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, ulioandikwa na Bill Burr mwaka 2003. Mwaka 2017, akiwa amestaafu, alikiri hadharani kwamba anajutia mengi aliyoyaandika humo. Mwaka huohuo NIST wakatoa mwongozo mpya: usimlazimishe mtu kubadilisha neno lake kama hakuna dalili kwamba limevuja, achana na michanganyiko ya herufi na alama, ila likatae neno lililomo kwenye orodha ya yaliyokwisha kuvuja. Mimi nilikuwa bado nakopi ya zamani kutoka mfumo mmoja hadi mwingine, kama mtu aliyerithi shamba pamoja na magugu yake.

Nikaenda kukaa ofisini kwao Tukuyu siku mbili, kazi yangu kutazama tu. Akaja mama mmoja wa makamo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hiki kitu chenu kinanikataa."

Sehemu ya kwanza ilimtaka jina la mtumiaji, nami nilikuwa nimeweka la ukoo. La ukoo, Rungwe! Kina Mwakalinga walikuwa wengi mpaka mfumo ukawapa namba, na mama hakumbuki yeye ni wa ngapi. Likaja neno la siri. Kioo kina ufa, vidole ni vya mtu aliyechuma chai miaka mingi, na kila herufi anayobonyeza inageuka kidoti. Hajui amekosea wapi. Mara tatu, akafungiwa. Nauli ya bodaboda imekwenda, na mimi nimekaa pembeni naandika.

Jina la ukoo nililitoa wiki hiyohiyo, ikabaki namba ya simu, iandikwe kwa 07 au kwa +255, yenye nafasi katikati au bila nafasi. Mfumo ujisumbue wenyewe. Nikaweka kitufe cha kulionyesha neno la siri, kisha nikagundua kwamba likionekana, kibodi ya simu inaanza na herufi kubwa yenyewe. Hilo nalo nikalizima.

Kwenye muundo wa neno lenyewe sharti likabaki moja: lisipungue herufi 12, nafasi ruksa. Watu wakaanza kuweka sentensi. Hapo ikanitokea shida ambayo sikuisoma popote. Mwanachama aliyetumia "ng'ombe" kwenye sentensi yake aliingia vizuri kwa simu yake, akakataliwa kwa simu ya mwanawe. Simu moja inaandika ritifaa iliyonyooka, nyingine iliyopinda, na kwa kompyuta hizo ni herufi mbili tofauti. Sasa mfumo unazigeuza zote kuwa moja kabla ya kulinganisha.

Kwa maneno yaliyovuja natumia Have I Been Pwned ya Troy Hunt, huduma ya mtandaoni yenye orodha ya maneno ya siri yaliyokwisha kuvuja. Neno la mtu halitumwi: seva yangu inalikokotolea alama ya SHA-1, yaani mfululizo wa herufi na tarakimu unaotokana na neno hilo, inatuma herufi tano tu za mwanzo wa alama hiyo, inaletewa orodha ya alama zinazoanza hivyo, na kulinganisha kunamalizikia kwangu. Juu yake nikaongeza orodha yetu: Rungwe, parachichi, Simba, Yanga, jina la chama. Maswali ya usalama niliyafuta. Ukimuuliza mtu jina la kijiji alichozaliwa, jibu analo kijiji kizima.

Kufungia siku nzima nako nikakuondoa. Jirani mwenye chuki angeweza kukufungia makusudi kwa kubahatisha mara tatu. Siku hizi kila kosa linaongeza muda wa kusubiri, kwanza sekunde, baadaye dakika.

Meseji za uthibitisho, zile zenye namba ya kuandika ili mfumo ujue ni wewe, ndizo zilinitoa jasho. Tukuyu mvua haina msimu wa kupumzika, na mtandao ukiyumba meseji inachelewa. Namba hiyo nilikuwa nimeiweka ife baada ya dakika mbili. Mtu anabonyeza "tuma tena", na tena, kisha zinaingia tatu kwa pamoja, anaandika ya kwanza, inakataliwa. Nikaipa dakika 10, na ukiomba tena ndani ya muda huo unaletewa ileile. Tena haiombwi kila siku, ni kwenye simu mpya au unapobadilisha neno la siri. Najua meseji si ulinzi wa kutegemea sana, laini huibwa. Ila wengi hawana njia nyingine.

Kitufe cha "Nikumbuke", cha kukuacha ndani bila kuandika neno la siri kila mara, nilikibadilisha kuwa swali: "Simu hii unaitumia peke yako?" Ukijibu hapana, ukimaliza tu unatolewa. Nyumba nyingi simu janja ni moja.

Karani sasa ana kitufe chake. Mwanachama akisahau, karani anakibonyeza, namba inakwenda kwenye simu ya mwanachama, naye anaweka neno jipya mwenyewe. Karani halioni, na mfumo unaandika nani alibonyeza na saa ngapi. Mwanzoni alinuna, aliona nimemnyang'anya kazi. Daftari tulilichoma kwenye jiko la mkaa lililokuwa likitupasha joto.

Ambao bado wananisumbua ni waliobadilisha laini. Juzi alikuja mzee ambaye namba yake ya zamani, baada ya kukaa kimya muda mrefu, ilishauzwa kwa kijana mmoja wa Kyela, na meseji zetu zikawa zinaingia huko. Kijana alikuwa muungwana, alipiga simu kuuliza. Kwa sasa namba inabadilishwa ofisini tu, mwanachama akiwepo na kitabu chake cha akiba. Mzee kitabu amekiacha nyumbani, amesema atakileta Jumatatu mvua ikiruhusu.