Kilemba cha Majani: Delphi, Roma na Padova

Abdulrazak Gurnah alipopewa Nobel ya Fasihi mwaka 2021, sisi tuliandika "mshindi". Neno wanalolitumia Ulaya halisemi kushinda. Ni la Kilatini, laureatus, yaani aliyevishwa lauri: mtu ambaye wengine wamemzungushia majani ya mti huo kichwani. Tofauti hii ni kubwa kuliko inavyoonekana. Mshindi hujishindia mwenyewe, ilhali laureatus huvishwa na mtu mwingine. Hata kanuni za Nobel hazimruhusu mtu kupeleka jina lake mwenyewe.

Pwani yetu ina kilemba, na kilemba kina maana zake: ni nguo ya heshima, na pia ni ile zawadi ambayo mwanafunzi humpa fundi au mwalimu wake anapohitimu. Lakini ukimvika mtu kilemba cha ukoka umemsifu kwa uongo, maana ukoka ni nyasi tu. Nilitaka kufika mahali ambapo kilemba cha majani kilikuwa heshima ya kweli, nikalifuata jani hilo kutoka Ugiriki hadi kaskazini mwa Italia.

Safari ilianzia Delphi, patakatifu pa kale pa Apollo, mungu wa Kigiriki wa muziki na ushairi. Mabasi ya Delphi huondoka Athens katika kituo cha Liosion, si kile cha Kifissos. Mtajie dereva wa teksi jina lenyewe. Ukisema "kituo cha mabasi" tu unaweza kupelekwa Kifissos ukalikosa basi. Njia ni kilomita 180 hivi, saa tatu kupitia Thebes, Livadeia na Arachova, na kuanzia Livadeia barabara inapanda kwa kona. Nunua tiketi ya kurudi mapema, kwa sababu mabasi si mengi. Kijiji kiko magharibi, magofu mashariki, na katikati yake ndipo lilipo jumba la makumbusho. Panda magofuni kwanza, asubuhi, jua likiwa bado halijapiga mawe, kisha uingie makumbusho mchana. Anayeanza na makumbusho hupanda mlima saa sita, na njia ni ya mawe, mteremko mkali, kivuli haba.

Kutoka hekalu la Apollo unapanda hadi ukumbi wa wazi wa maonyesho, ambao ulichukua watu 5,000 hivi, kisha juu kabisa kuna uwanja wa mbio wenye njia ya mita 177. Wengi huishia ukumbini kwa kuchoka. Ni kosa, kwani bila kuufikia uwanja huwezi kuona jinsi muziki na riadha vilivyokaa juu ya kilima kimoja, na bila hilo historia ya jani haieleweki.

Michezo ya hapa iliitwa Pythia, na mwanzo wake ni uimbaji: mashindano ya wimbo wa kumsifu Apollo kwa kinubi. Mwaka 586 KK yaliongezwa mengine, na zawadi bado zilikuwa mali. Katika michezo iliyofuata, 582 KK, mali iliondolewa, likabaki taji la majani peke yake. Nafikiri hapo ndipo jambo zima lilipoanza. Zawadi iliposhushwa thamani hadi sifuri, kilichobaki mkononi mwa mtu kilikuwa heshima tupu, na watu wakaigombea zaidi. Sakadas wa Argos alivishwa taji kwa kupiga zumari, wimbo usio na maneno uliosimulia vita vya Apollo na joka Python. Huko Olympia walivisha majani ya mzeituni, Nemea mboga ya seleri ya mwituni, na Isthmia karibu na Korintho msonobari au seleri, na ndiyo sababu Paulo anapowaandikia Wakorintho juu ya taji iharibikayo hahitaji kuwafafanulia. Lakini ni Delphi tu palipokuwa na lauri, na kwa kuwa Delphi ilianza na wanamuziki, lauri ikawa mali ya washairi. Mzeituni haukuwahi kuipata nafasi hiyo.

Matawi hayakuchumwa popote tu. Yalitoka bonde la Tempe, huko Thessaly, na aliyeyakata alikuwa mvulana ambaye wazazi wake wote wawili wako hai. Sababu ya lauri yenyewe inasimuliwa na Ovid, mshairi wa Kirumi: Apollo alimfukuza Daphne, msichana akageuka mti, naye mungu akasema basi utakuwa mti wangu. Hadi leo Wagiriki huuita dafni, na hilo ndilo jina la kulitaja sokoni.

Makumbushoni simama mbele ya sanamu ya shaba ya mwendesha gari la farasi, mwenye kimo cha mita 1.8, aliyefukuliwa mwaka 1896. Kichwani hana majani. Ana utepe uliotiwa nakshi za fedha, kwani mshindi alifungwa utepe pia. Chumba kingine kina mawe kutoka jengo la hazina ya Waathene, yaliyochongwa nyimbo mbili za Apollo pamoja na alama za muziki juu ya maneno. Wageni huyapita wakidhani ni maandishi ya kawaida. Tazama herufi ndogo zilizo juu ya mistari: hizo ndizo sauti.

Kabla ya kuondoka Ugiriki inafaa kulijua jani lenyewe, maana wengi hukosea, na kosa lingine ni la hatari. Lauri (Laurus nobilis) ina jani gumu lenye ukingo wa mawimbi, mshipa mmoja wa katikati na vijishipa vya pembeni, na ukilivunja hutoa harufu ya jikoni, ya viungo. Tunda lake ni jeusi, dogo kama zeituni changa. Oleanda, iliyojaa kando ya barabara za Ugiriki na bustani za Dar es Salaam, ina majani membamba yanayotoka matatumatatu, haina harufu ya viungo, na ni sumu. Kaskazini zaidi kuna uzio wa mti unaofanana na lauri, jani lake pana likinuka lozi. Nao una sumu ya sianidi. Vunja jani, nusa, ndipo ulikate. Na jani kavu la kuungia pilau na biriani, hasa lile la maduka ya viungo yenye asili ya India, mara nyingi ni ndugu wa mdalasini: lina mishipa mitatu mirefu kutoka kikonyo hadi ncha. Hilo siyo lauri.

Roma, dakika chache kwa miguu kutoka stesheni ya Termini, kuna Palazzo Massimo. Panda hadi ghorofa ya juu, kwenye chumba cha bustani kilichotoka nyumba ya Livia, mkewe Augusto, kaisari wa kwanza wa Roma, huko Prima Porta. Kuta nne zimechorwa miti, ndege na matunda, na lauri imo. Suetonius, mwandishi wa Kirumi, anasimulia kwamba tai alimdondoshea Livia kuku mweupe mwenye kitawi cha lauri mdomoni. Kitawi kikapandwa, kikawa kichaka, na makaisari walipokwenda kwenye gwaride la ushindi walikata matawi humo, kisha wakayapanda tena papo hapo. Anasema kichaka chote kilikauka mwaka wa mwisho wa Nero. Kwa Warumi, basi, jani lilihama kutoka kwa mpiga zumari hadi kwa jemadari. Kulirudisha kwa mshairi kulichukua zaidi ya miaka elfu.

Lilirudi Roma, kwenye mlima wa Capitolium, tarehe 8 Aprili 1341, siku ya Pasaka. Mshairi wa Kiitalia Francesco Petrarca, aliyevishwa siku hiyo, alikuwa na miaka 36. Septemba iliyotangulia alipokea barua mbili siku moja, moja ya Roma na nyingine ya Chuo Kikuu cha Paris, zote zikimwita avishwe taji. Akachagua Roma, lakini kwanza akaenda Napoli kwa Mfalme Robert, akaomba atahiniwe. Mtihani ulichukua siku tatu. Hapa ndipo ninapomheshimu: aliona taji bila mtahini ni kilemba cha ukoka. Mlimani alihutubia akianzia mistari ya mshairi wa Kirumi Virgil juu ya mapenzi yanayomvuta mtu kwenye vilele vya upweke vya Parnassus, mlima uleule ulioibeba Delphi. Seneta akamvika lauri, akapewa hati, kisha akaenda Kanisa la Mtakatifu Petro akaliacha taji juu ya altare. Kazi iliyomletea sifa hizo ilikuwa utenzi uitwao Africa, juu ya Scipio, jemadari wa Kirumi, na vita vyake na Carthage. Ulikuwa haujaisha siku ile, na hakuumaliza hadi kufa mwaka 1374. Uzeeni aliandika kwamba lauri haikumwongezea elimu, ila ilimletea husuda nyingi.

Ukifika Capitolium usizitafute ngazi alizopanda yeye. Zile pana za mteremko ni mchoro wa Michelangelo, karne mbili baadaye, na zile 124 za kanisa la Aracoeli zilimalizika 1348. Palazzo Senatorio ni ofisi za manispaa. Ingia makumbusho ya Capitolini, ushuke hadi Tabularium, ghala la kale la nyaraka lililo chini ya jengo hilohilo, utazame Forum, uwanja mkuu wa Roma ya kale, kutoka matao yake.

Baada ya hapo cheo cha mshairi aliyevishwa lauri kilienea, na kwa maoni yangu kilishuka. Frederick III wa Ujerumani, kabla hajawa kaisari, alimvisha Enea Piccolomini mwaka 1442, na baada yake makaisari wakavisha wengi mno. Uingereza ilikifanya kazi ya mshahara: John Dryden aliteuliwa mwaka 1668, na malipo yakiwa ni fedha pamoja na pipa la mvinyo. Torquato Tasso, mshairi wa Kiitalia aliyestahili, aliitwa Roma kuvishwa akafa Aprili 1595 katika monasteri ya Sant'Onofrio kabla ya siku kufika.

Treni ya kasi kutoka Termini hadi Padova huchukua saa tatu na nusu hivi. Mji huu ulimvisha mshairi wake Albertino Mussato mwaka 1315, kabla ya Petrarca, na chuo chake ni cha 1222. Hapa lauri haijawa kumbukumbu. Shahada ya Italia huitwa laurea, na kila anayehitimu huvaa taji. Elena Cornaro Piscopia, mwanamke wa kwanza kupewa udaktari wa falsafa, alivishwa hapa tarehe 25 Juni 1678. Sanamu yake iko kwenye ngazi za Palazzo Bo, jengo la kale la chuo. (Kule Bukavu na Lubumbashi pia, wanaofaulu mtihani wa taifa huitwa lauréats kwa Kifaransa. Ni jani lilelile.)

Taji la wauza maua wa Padova hutengenezwa hivi. Pima kichwa, mara nyingi sentimita 54 hadi 58, ongeza mbili. Kunja waya wenye kuvikwa karatasi au utepe, kwani waya mtupu huchoma ngozi. Kata vitawi vya sentimita 10 hadi 12 vya mwaka uliopita. Machipukizi laini ya masika yana rangi nzuri lakini hunyauka kabla ya saa kumi jioni. Utahitaji kama 25 hadi 30. Anzia nyuma, panga kila kitawi kikifunika shina la kilichotangulia kama makuti ya paa, ncha zote zielekee mbele. Upande wa pili fanya vivyo hivyo, na pande zikutane juu ya paji la uso. Utepe hufungwa nyuma, na rangi hufuata kitivo: nyekundu mara nyingi ni utabibu, bluu sheria, nyeupe fasihi. Lifunge kwa kitambaa chenye unyevu, si mfuko wa plastiki: humo majani hutoka jasho na kuwa meusi usiku mmoja. Na mwanafunzi ambaye bado hajahitimu hatakubali ulimjaribishie kichwani, hata kwa kupima, kwa imani kwamba hatamaliza.

Nje ya Palazzo Bo mhitimu husimama na taji lake mbele ya bango kubwa liitwalo papiro, lenye katuni yake na beti walizozitunga rafiki zake kumtania. Huzisoma kwa sauti, na kila akikosea hunyweshwa. Wanamwimbia "dottore, dottore". Majani huanguka sakafuni. Ukitaka kuondoka na taji, lianike kivulini wiki mbili, limelala, hadi ligeuke rangi ya zeituni. Likiwa bichi, forodhani Nairobi au Dar watakudai cheti cha afya ya mimea.