Mgagani wa bibi yangu Nachingwea

Zile mvua za El Nino, mwanzoni mwa 1998, mi nilikuwa naishi kwa bibi Nachingwea na dada yangu ndo alikuwa ametoka kujifungua. Barabara ya kushuka Lindi matope tupu, magari hayapiti, na sisi huku nazi zinatoka pwani, kwa hiyo sokoni nazi hamna. Kisamvu kipo kibao, ila bila tui bibi alikuwa hakitaki kabisa, tena kwa mzazi.

Asubuhi moja akaniita, "Mjukuu wangu, chukua ungo, mzazi hali ugali na chumvi kwenye nyumba yangu." Tukaenda nyuma ya jiko, palipokuwa na zizi la mbuzi zamani, na pale alikuwa na tuta zima la mgagani. Yani mgagani uleule watu wanaoung'oa kwenye mahindi na kuutupa, yeye kaupanda, kaupalilia. Mbegu alitunza za mwaka wa nyuma maana zikiwa mbichi bado haziotagi vizuri, afu ni vidogo mno hivyo alizichanganya na mchanga ndo akamwaga. Akanionyesha kuchuma: unakata ncha tu, na ukiona ua jeupe linataka kutoka unalikata hapohapo, ukiliacha shina linakomaa na majani yanaishia hapo. Mikono ilinata na kunuka ile harufu yake kali mpaka jioni, mi naipenda hadi leo.

Akachemsha, akamwaga maji ya kwanza yale machungu, akatia nyanya, kitunguu na karanga za kutwanga. Karanga kwetu hazikosi, si ndo huku Waingereza walikuja na ule mradi wao mkubwa wa karanga baada ya vita ya pili ya dunia. Uchungu hauishi wote na wala hautakiwi uishe, ndo utamu wenyewe. Dada alikula na ugali wa muhogo akaomba tena, bibi kakaa pembeni anamwangalia mpaka kamaliza, kafurahi huyo.

Tukawa tunachuma kila baada ya siku chache, unachipua tu kwa ile mvua. Mashina ya pembeni bibi alikataa yasiguswe, yale ya mbegu, na dada aliporudi kwa mumewe Masasi alifungiwa zake kwenye kipande cha khanga, na maelekezo ya mchanga juu.