Kisanduku cha 18

Askari wa Marekani akiacha jeshi hupewa karatasi iitwayo DD 214. Mkopo wa nyumba, ada ya chuo, matibabu, hata bendera ya kufunika jeneza lake, vyote huanzia kwenye karatasi hiyo. Yangu ilikuwa na kila kitu isipokuwa Afghanistan.

Niliingia jeshini mwaka 2013 kupitia mpango wa MAVNI. Ulikuwa unachukua wageni walioko Marekani kihalali, hata wasio na kadi ya kijani, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, ilimradi wawe na taaluma ya tiba au wajue lugha ambazo jeshi lilizihitaji, na Kiswahili kilikuwamo. Mimi mtoto wa Tanga nilikuwa nasoma Minnesota na ada imenielemea. Nikatahiniwa lugha niliyoinyonya kwa mama, nikaapa, na nilipohitimu mafunzo ya awali Fort Jackson, South Carolina, nikaapishwa uraia hapohapo nikiwa na magwanda. Watu hudhani sisi tuliochukuliwa kwa sababu ya Kiswahili tulipelekwa Afrika. Mimi mwaka 2015 nilikuwa Bagram, kambi ya jeshi la Marekani nchini Afghanistan, idara ya vifaa, napokea na kugawa vipuri vya magari, huku vumbi laini kama unga wa muhogo likiingia mpaka kwenye mswaki.

Siku ya kuondoka jeshini, 2017, nilimwonyesha karani kisanduku cha 18, mahali pa maelezo ya ziada. Hapo ndipo huandikwa nchi ya vita uliyotumikia, tarehe ya kwenda na ya kurudi. Pangu palikuwa kimya. Kwenye kisanduku cha 13 nishani ya kampeni ya Afghanistan nayo haikuwamo. Karani akasema mfumo umechelewa, marekebisho yatanifuata kwa posta. Hayakunifuata. Nilipopiga simu niliambiwa nisubiri, kisha niliyekuwa nikizungumza naye akahamishwa, na aliyempokea hakujua habari zangu.

Pengine ningeliacha jambo hilo lilale kama si pumu. Ilinianza baada ya kurudi uraiani, mimi ambaye utotoni nilikuwa nakimbia Raskazone mpaka mjini bila kuhema. Tarehe 10 Agosti 2022 Rais Biden alitia sahihi sheria ya PACT, inayohusu askari waliovuta moshi wa mashimo ya kuchomea taka vitani. Pumu iliyogunduliwa baada ya utumishi imo kwenye orodha ya maradhi yake. Sheria haikuulizi ulisimama umbali gani na moshi. Inauliza kama ulikuwa kwenye nchi hiyo. Na karatasi yangu ilisema sikuwapo.

Basi majira ya baridi yaliyofuata nikaenda ofisi ya kaunti inayowahudumia askari wa zamani. Minnesota kila kaunti inayo, na huduma ni bure. Aliyenipokea alikuwa mzee aliyepigana Vietnam, mikono imekunjamana, miwani imening'inia kwenye kamba. Aliisoma DD 214 yangu taratibu, kidole kikipita kisanduku kwa kisanduku, kisha akaomba nimpe kila nilichobeba.

Nilikuwa na bahasha la kaki. Hati ya nishani niliyopewa na kikosi Bagram ilikuwamo, akaiweka kando ya DD 214 na kuuliza, "Huyu ni nani?" Kwenye hati, jina la mwisho lilikuwa la baba yangu. Kwenye mkataba wa jeshi, jina la mwisho ni la babu. Nikamweleza kwamba kwetu mtu ana jina lake, la baba na la babu, na anayekujua atakuita kwa mawili yoyote. Kikosini walinizoea kwa jina la baba, aliyechapa hati akaandika hivyo. Mzee hakucheka wala hakushangaa. Alichukua karatasi nyeupe akaniambia niandike hayohayo, nitie sahihi, na niambatishe nakala ya pasipoti yangu ya zamani.

Kilichonisaidia zaidi ni hati za mshahara. Askari aliye eneo la vita hulipwa posho ya hatari ya dola 225 kwa mwezi, na hati zangu za 2015 zilikuwa nayo, kuanzia Machi hadi Novemba. Mzee aligonga mstari ule kwa kalamu. "Serikali ilikulipa kwa kuwa kule," akasema. "Haiwezi kusahau kwamba ulikuwa kule."

Tulijaza fomu ya DD 149, ya maombi kwa bodi ya kurekebisha kumbukumbu za jeshi. Sheria inairuhusu bodi kusahihisha kumbukumbu ili kuondoa kosa au dhuluma, lakini kazi ya kuthibitisha ni ya mwombaji. Bodi huanza kwa kuamini kwamba karatasi ya serikali ni sahihi. Tena maombi yanatakiwa ndani ya miaka 3 tangu ulipogundua kosa, nami yangu ilikuwa imepita. Bodi inaweza kusamehe ucheleweshaji ikiona haki inataka hivyo, kwa hiyo tukaeleza habari za karani na zile simu. Rasimu yangu ya kwanza ilikuwa na uchungu mwingi. Mzee akanirudishia: "Wape tarehe, Sajenti. Tarehe hazibishaniwi."

Alinisimulia, wakati mashine ikitoa nakala, habari za moto wa Julai 12, 1973 kwenye jengo la kumbukumbu za askari huko St. Louis. Uliteketeza majalada kati ya milioni 16 na 18, mengi ya askari wa vita viwili vya dunia na vya Korea. Wazee waliwahi kukaa kwenye kiti kilekile nilichokalia, wakiwa na barua walizowaandikia wake zao na picha zilizopauka, wakitafuta namna ya kuthibitisha kwamba walipigana. Niliposikia hayo nilikazana kuliko mwanzo. Jalada langu halikuungua. Lilikuwapo mahali, zima, linasema uongo.

Ilibaki shahidi. Nikampigia kaka mmoja wa Mombasa tuliyekuwa naye Bagram, sasa yuko Texas.

"Dada, hilo tu? Nitakuandikia usiku huuhuu."

Barua yake ilitaja kikosi, kazi yetu, na ving'ora vya roketi vilivyotufanya tukimbilie kwenye vibanda vya zege. Kisha akaongeza kwamba Ramadhani ya 2015 tulifuturu pamoja, tukila kashata nilizotumiwa na mama yangu kutoka Tanga, zimevunjikavunjika njiani. Nilitaka kuufuta mstari huo, niliona hauhusu. Mzee alikataa. Alisema mtu asiyekuwapo hawezi kuzijua kashata zile.

Bodi haikuhitaji hata kukaa. Maombi yalielekezwa kwa maofisa wenye mamlaka ya kusahihisha makosa ya namna hiyo moja kwa moja, na baada ya miezi ikaja DD 215, karatasi ya masahihisho. Hiyo haifuti DD 214, huambatanishwa nayo. Ni ukurasa mmoja. Kisanduku cha 13, ongeza nishani ya kampeni ya Afghanistan. Kisanduku cha 18, ongeza utumishi Afghanistan, na tarehe zote mbili, ya kwenda na ya kurudi, sahihi kabisa.

Nilimpigia mama usiku wa kwetu, asubuhi ya kwao. Baada ya shikamoo nikamwambia wameandika. Akauliza, "Na kashata wameziandika?" Nikamwambia zimo kwenye jalada, mama, ndani ya barua ya shahidi. Alifurahi hasa.

Madai ya pumu niliyawasilisha wiki hiyohiyo, nakala ya DD 215 ikiwa juu, na yalikubaliwa. Kaka wa Texas naye akafungua DD 214 yake, akakuta tarehe ya kurudi imekosewa kwa mwezi mzima. Nimemwandikia barua ya ushahidi, na Ramadhani ile nimeitaja.